Nakala ya Jiwe la Bi Saumu

Ninaikumbuka siku niliyoshuka basi pale Malindi, diploma yangu nimeikunja ndani ya shati, kifuani, maana niliona hata sanduku halistahili kuibeba. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kabla sijakung'uta vumbi la safari, nikawasikia wenzangu wawili tuliosoma pamoja shule ya msingi.

“Huyo si Kazungu, mtoto wa mchoma makaa wa Ganze?”

“Ndiye. Alikuwa ng'ambo.”

“Akisomea udaktari?”

“Akisomea kumimina plasta. Miaka mitatu!”

“Basi mpe mwaka mmoja tu. Utamwona na gunia la makaa kichwani.”

Mwanangu, walicheka mpaka wakashikana mabega. Walisema sitapata hata chumba cha kupanga, nikapata viwili na ua. Walisema hakuna mwenye akili atakayenunua nakala ya kitu, hoteli zikanunua hata nikashindwa kuzitosheleza. Walisema gundi yangu itayeyuka kwa joto la pwani, nikaijua dawa yake. Utasema mzee anajisifu. Najisifu, na nina haki, kwa kuwa baba yangu hakujua kuliandika jina lake, na mimi jina langu lilipigwa muhuri ng'ambo. Lakini sikukuita nikuhesabie ushindi. Ushindi wangu umeusikia tangu ukiwa mgongoni mwa mamako. Nimekuita nikusimulie jiwe la Takaungu, ambalo sijapata kulitaja mbele ya watoto.

Kwanza uielewe kazi yenyewe. Ukitaka kunakili kitu chenye nakshi, huwezi kukitengenezea kalibu ngumu, kwa sababu kalibu ngumu ikishika kwenye vishimo vya nakshi haitoki bila kuvunja kitu. Unataka kalibu inayonepa, inayobanduka kama ngozi ya ndizi mbivu. Wenye viwanda walikuwa na mpira wao wa maji. Mimi niliitengeneza uani kwangu, kwa gundi ya maseremala, ile ya ngozi na mifupa ya ng'ombe. Nailoweka usiku kucha, naiweka kwenye sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto, isiungue, kisha natia glisirini ya duka la dawa ili isikauke ikawa kama kucha. Ikishakuwa nzito kama uji wa mgonjwa, namimina juu ya kitu. Kesho yake nabandua. Ndani ya ule mpira kila mstari umebaki, hata ufa wa unywele. Namimina plasta, na pacha amezaliwa.

Vitu vyenyewe nilikuwa naazima kwa watu. Huyu ananipa dele la kahawa la nyanyake, yule mbuzi ya kukunia nazi iliyochongwa, mwingine marfaa ya kuwekea msahafu. Wananipa kwa wiki, nami nawarudishia kitu chao pamoja na nakala moja ya bure. Jioni nakaa barazani na kuwaambia watu, “Nikikimimina kitu, hata aliyekizaa hatamjua mwanawe ni yupi.” Nililisema hilo mara nyingi, mwanangu. Nililisema mpaka likawa kama jina langu la pili.

Asubuhi moja akaja mama mtu mzima, amejitanda buibui lililopauka. Alikuwa amevuka kwa kivuko cha Kilifi tangu alfajiri.

“Shikamoo, Bi.”

“Marahaba. Wewe ndiye unayezaa vitu mapacha?”

“Ndiye mimi.”

“Mimi naitwa Mwanahawa, natoka Takaungu. Nina jiwe haliwezi kutembea. Nataka pacha wake anayeweza.”

Akanieleza. Yeye na dada yake mkubwa, Bi Saumu, aliyekuwa kipofu tangu utotoni, waliishi katika nyumba ya mawe aliyoijenga baba yao. Baba aliiweka nyumba ile wakfu kwa binti zake na vizazi vyao. Karatasi za wakfu ziliteketea moto ulipounguza makuti ya jirani, ukarukia sandukuni mwao. Kilichobaki ni maneno ambayo baba yao aliyachonga ukutani, kwenye chokaa, katika chumba cha ndani. Jiwe la wakfu, ndivyo walivyoliita, ingawa halikuwa jiwe bali ubao wa chokaa uliotiwa ukutani. Sasa kaka yao alikuwa amefariki, na mwanawe, Mselem, alikuwa amempata mtu wa kuinunua nyumba. Alikuwa anasema hakuna wakfu wowote, nyumba ni mirathi, igawanywe. Kadhi alikuwa ameahidi kuja kuliona jiwe mwenyewe. Bi Mwanahawa alihofia Mselem atakuja siku moja na nyundo, ndipo akataka nakala ikae msikitini.

“Waume walioingia chumba kile na kuyasoma maneno yale wote wamekwisha kufa,” aliniambia. “Tumebaki wanawake wawili, na mmoja hana macho. Jiwe ndilo shahidi wetu.”

Nikamwambia alale usingizi.

Nilikwenda Takaungu baada ya siku chache, na sufuria zangu na glisirini yangu. Bi Saumu alinipokea kwa kuinyosha mikono mbele, akaishika yangu, akaipapasa vidole kimoja kimoja.

“Mikono ya mtu wa kazi,” akasema. “Na hiyo gundi yako, ni ya mnyama gani? Isije ikawa ya nguruwe ukutani mwa baba yangu.”

“Ya ng'ombe, Bi. Nainunua kwa seremala wa Kiislamu.”

“Haya. Ng'ombe hana maneno.”

Alinishika mkono akanipeleka mwenyewe chumba cha ndani. Jiwe lilikuwa usawa wa kifua, upana kama sinia mbili, herufi za Kiarabu zimechongwa kwa mkono uliotulia. Akaweka ncha za vidole upande wa kulia, akasoma kwa kupapasa, polepole, huku akinifasiria. Nyumba hii ni wakfu kwa binti zangu na vizazi vyao. Haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Alisema kila Ijumaa huja akayasoma hivyo, kama wengine wanavyozuru makaburi.

Sasa sikiliza kwa makini, mwanangu, kosa ni hapa. Chokaa ya zamani ni kavu, hunywa kila kitu kinachoigusa. Nilifundishwa, na nikafaulu mtihani wake, kwamba ukuta wa namna hiyo unapakwa vanishi mara mbili na kuachwa siku tatu ukauke, ndipo unapaka sabuni na mafuta, ndipo unamimina. Siku tano kwa jumla. Lakini hoteli moja ilikuwa inanisubiri na kazi yake, na mimi nilijiona nimekwisha kuzipita kanuni za darasani. Nikapaka mafuta ya nazi mara moja. Nikasimamisha fremu ya mbao ukutani, nikaiziba kingo kwa udongo, nikaacha mdomo juu, nikachemsha gundi.

Bi Mwanahawa alisimama mlangoni. “Kazungu, ulisema siku tano. Mbona unamimina leo?”

“Siku tano ni za wanafunzi, Bi.”

Akaondoka mlangoni. Angesema nini? Yeye hakuwa na diploma.

Kesho yake asubuhi nikaondoa fremu, nikaanza kubandua kalibu kutoka pembeni. Nikasikia mlio kama mkate mkavu unaovunjwa. Nikaacha. Nikajaribu upande wa pili, mlio uleule. Gundi ya moto ilikuwa imeingia ndani ya chokaa ikaishika kama mizizi. Nilipovuta, uso wote wa jiwe ukaja na kalibu, kisha ukameguka. Ukutani pakabaki kidonda cheupe, hata nukta moja ya herufi haikusalia. Miguuni pangu vipande, vingine vikubwa kama kiganja, vingine kama kucha, na juu ya kila kimoja kipande cha neno.

Nilikaa sakafuni. Sikulia. Afadhali ningelia, maana kilio kingewaleta wenyewe na mambo yangekuwa mengine. Badala yake niliinuka nikaufunga mlango kwa komeo.

“Kazungu, baba, umemaliza?” Bi Mwanahawa aliita kutoka uani.

“Bado, Bi. Msiingie. Vumbi la dawa hii linaumiza macho.”

Nikamsikia Bi Saumu akicheka. “Yangu hayana cha kuumia, niache nipite!”

“Na kifua pia, Bi,” nikasema. Ulimi ukishaanza uongo, mwanangu, haukosi wa pili.

Ile kalibu ilikuwa nzima. Hilo ndilo lililonipoteza. Niliisafisha kwa sindano, nikaiona kila herufi iko ndani yake, kinyumenyume, safi kuliko ukutani ilivyokuwa. Nikajiambia, maneno hayajapotea, yako hapa, kilichopotea ni chokaa tu, na chokaa nitaitengeneza. Lakini plasta yangu ni nyeupe kama unga, na jiwe lilikuwa na rangi ya jino la mzee. Nikatazama vile vipande. Nikachukua kinu cha jikoni kilichowekwa mle chumbani, nikavitia vyote, nikavitwanga mpaka vikawa vumbi. Vumbi lile nikalichanganya na plasta, nikamimina. Rangi ikatoka sawasawa. Nikakipachika ukutani, nikaziba kingo, nikapaka chai ya rangi, nikafukiza kwa moshi wa kifuu. Kutwa nzima na kesho yake sikufungua mlango. Nilipofungua, Bi Mwanahawa alitazama ukutani, akatazama na nakala ya pili niliyomtengenezea, akapiga kigelegele.

Na mimi, Mungu anisamehe, niliona fahari. Hiyo ndiyo kazi bora niliyopata kuifanya maishani mwangu. Mpaka leo sijaipita.

Kisha Bi Saumu akaja kuyasoma maneno yake. Akaweka vidole upande wa kulia, akaanza. Katikati ya mstari wa kwanza akapunguza mwendo. Akarudi nyuma. Akaweka kiganja chote.

“Limepoa leo,” akasema.

“Ni ile dawa, Bi. Itakwisha.”

Akanigeukia, macho yake yale yasiyoona yakanitua usoni kama yanayoona. “Kazungu, mwanangu, una neno la kuniambia?”

Mlango ulikuwa wazi. Lile vumbi lililosalia lilikuwa bado ndani ya kinu, ningeweza hata kulionyesha.

“Sina, Bi,” nikasema.

Kadhi alikuja mwezi uliofuata, na wazee wawili wa mji, na Mselem, na mimi nikaitwa kwa sababu ndiye niliyeligusa jiwe mara ya mwisho. Tukasimama chumba cha ndani, tumebanana. Kadhi akavaa miwani akasoma. Bi Mwanahawa midomo ilikuwa inacheza, anaomba dua.

Mselem alikuwa mtu wa maneno laini. “Bwana Kadhi, sina neno na maandishi. Nauliza tu. Huyu kijana aliyesimama hapa, kazi yake ni nini?”

“Ni fundi,” akasema mzee mmoja.

“Fundi wa nini? Si ndiye anayekaa barazani Malindi akiwaambia watu kwamba akimimina kitu, hata aliyekizaa hamjui mwanawe? Amejifungia humu ndani siku mbili, mlango una komeo. Shangazi zangu nawaheshimu. Lakini mimi nitajuaje kama alichokikuta ndicho alichokiacha?”

“Mselem!” Bi Mwanahawa alimkemea. “Una haya wewe? Dada yangu analisoma jiwe hili tangu hujazaliwa!”

“Basi na alisome, Shangazi. Mimi nitayakubali maneno yake.”

Kadhi akamgeukia Bi Saumu kwa upole. “Bi Saumu, tafadhali. Hili ndilo jiwe la baba yako?”

Alikwenda akaweka vidole. Alisoma mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, hakuruka herufi. Nilijua anajua. Nilijua tangu siku ile ya kwanza. Bi Mwanahawa naye alianza kuelewa kitu, akamshika dada yake ushungi, akanong'ona, “Dada...”

“Nimeulizwa, Mwanahawa,” Bi Saumu akasema. “Nisemeje?” Kisha akaondoa mkono ukutani. “Maneno ndiyo, Bwana Kadhi. Jiwe silo.”

Mwanangu, nimewahi kuvunjiwa meno, nimewahi kuzika mtoto. Sijapata kuumizwa kama na maneno yale. Ndipo nikasema. Nilisema yote, mafuta ya nazi, gundi, mlio wa mkate, komeo. Nikaapa kwamba kalibu ilitoka juu ya jiwe lenyewe na sikubadilisha hata nukta. Kadhi alinisikiliza bila kunikatiza.

“Ninakuamini,” akasema. “Lakini kuamini kwangu si ushahidi. Iko wapi hiyo kalibu?”

“Imeoza, Bwana Kadhi. Ni gundi, haikai wiki tatu.”

“Na vipande vya chokaa?”

Sikuweza kuinua uso. “Nimevitwanga. Nilitaka rangi.”

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya joho lake, muda mrefu. “Kijana,” akasema, “kuvunja si dhambi, mikono huvunja. Ungekuja kwangu siku ileile na vipande vyako, hata vingekuwa mia, ningekaa na wazee hawa nikavipanga kimoja kimoja, na maneno ya baba yao yangesimama. Ukweli ulikujia ukiwa vipande, na vipande ningevipokea. Wewe ukautwanga.”

Hakuweza kuhukumu vinginevyo. Nyumba ikahesabiwa mirathi, ikauzwa, kila mmoja akapewa fungu lake kisheria. Fungu la wanawake wawili halikutosha kujenga. Walihamia chumba cha kupanga Kilifi, chenye kuta za udongo. Nilikwenda kuwaona na gunia la mchele na kifurushi cha vitenge, nikamkuta Bi Saumu amesimama ananipa mgongo, anaupapasa ukuta usawa wa kifua, taratibu, toka kulia kwenda kushoto. Ilikuwa Ijumaa. Bi Mwanahawa alipoona ninavyomtazama dada yake alisema tu, “Hajazoea.” Hakuniambia niketi, wala hakunifukuza. Bi Saumu hakumaliza mwaka.

Niliendelea kwenda mwezi hata mwezi, na Bi Mwanahawa alipokea nilichobeba kwa sababu njaa haina kiburi. Siku moja nilimwomba aniambie niwalipe nini. Akanijibu huku akipeta mchele, “Cha kuazima hurudishwa, Kazungu. Sisi hatukukuazima. Tulikupa amana.”

Sikufunga kazi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na watoto walikuwa wanataka kula. Lakini kabla sijachemsha gundi tena nilikusanya kila kitu cha watu kilichokuwa kwangu. Nikaanza asubuhi, nikapita Malindi nyumba hadi nyumba mpaka jua likanikalia utosini. Nikalirudisha dele, nikairudisha mbuzi, nikairudisha marfaa, na kwa kila mwenye chake nikasimama mlangoni nikamweleza kwa mdomo wangu nilichokifanya Takaungu. Nilitaka wasikie kwangu. Wengine walikichukua kitu chao mikononi mwangu bila kuitikia salamu ya kuagia. Mwenye marfaa aliifunua, akaipapasa kila pembe mbele yangu, kuhakikisha ni yake. Nilimwacha apapase. Alikuwa na haki. Magharibi ilipoadhiniwa nilikuwa sina tena cha mtu yeyote ndani ya nyumba yangu, isipokuwa cha wale wawili, ambacho hakirudi.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Umesoma kuliko mimi, na utajisifu kuliko mimi, na sikukatazi, kwani aliyepanda ngazi kwa miguu yake ana haki ya kusema ameipanda. Ila kanuni uliyofaulia mtihani ndiyo ya kuifuata siku usiyosimamiwa na mtu. Na siku mkono wako utakapovunja cha mwenzio, maana itafika, usifunge mlango. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nami nakuongezea kwamba hakimuumbui peke yake, huwafukuza na wengine nyumbani kwao. Ita wenyewe wangali uani. Waonyeshe vipande vingali vipande. Watakutukana, pengine watakupiga, na watu wa barazani watacheka. Vumilia. Aibu ya siku ileile ina mwisho. Niliyoichagua mimi nazeeka nayo.

Mola akulinde, mwanangu. Akupe riziki ya jasho lako na jina jema mbele ya majirani. Akupe mikono yenye ustadi, na ulimi unaouwahi mkono kabla haujaficha. Amin.